Maiti Wanne na Bia Mbaya

Mazungumzo na waandishi na waigizaji chipukizi wa vichekesho, Dar es Salaam

Mwenyekiti, wadogo zangu waandishi na waigizaji, na wazee wenzangu mliojikaza na foleni mpaka mkafika, habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie vichekesho vya zamani. Najua mlitegemea Charlie Chaplin na kofia yake, fimbo yake, viatu vyake. Chaplin atapita leo, ila kwa mlango wa nyuma. Ninayotaka kuwaletea ni filamu ambayo nadhani humu ndani hatufiki watatu tulioiona. Inaitwa A Slight Case of Murder, ya kampuni ya Warner Bros. ya Marekani, mwaka 1938. Ni nyeusi na nyeupe, haifiki saa moja na nusu, haina mapenzi ya kuliza mtu. Ina jambazi mstaafu, mkewe, binti yao, wapambe watatu, mtoto yatima mtukutu, askari polisi mmoja na maiti wanne. Na bia. Bia mbaya sana.

Sababu ya kuichagua ni hii. Vichekesho vya kuangukaanguka vina kanuni moja ambayo kila mtoto anaijua bila kufundishwa: mtu akianguka, anainuka. Atateleza, atagongwa na ubao wa kichwa, atatokea dirishani miguu juu, halafu utamwona anajikung'uta vumbi na kuendelea na safari. Tunacheka kwa kuwa tuna uhakika hataumia. Sinema ya majambazi inaishi kwa kanuni iliyo kinyume kabisa. Humo mtu akianguka, ndiyo basi tena. Risasi moja, kofia chini, mama analia.

Sasa uziunganishe hizo mbili. Wengi waliojaribu walijikuta wameiacha moja njiani: ama jambazi anakuwa kikaragosi asiyemtisha hata kuku, ama kicheko kinakauka risasi ya kwanza inapolia. Filamu hii ilipata jibu la tatu. Mtu ameanguka, hainuki, lakini pia hatulii. Anabebwa, anavalishwa kofia, anapelekwa kwa jirani, anarudishwa. Kazi yote ya mieleka ambayo zamani ilifanywa na walio hai, humu inafanywa na wafu, kwa msaada wa walio hai wanaotoka jasho.

Nianze na kisa chenyewe kwa ufupi. Marekani ilipiga marufuku pombe Januari 1920, ikaiondoa marufuku hiyo tarehe 5 Desemba 1933. Karibu miaka kumi na nne, raia aliyetaka bia aliinunua kwa muuza magendo, na muuza magendo hakuwa na sababu ya kupika bia nzuri. Mteja angeenda wapi? Remy Marko ni mmoja wa hao. Usiku marufuku inapoondolewa anawakusanya watu wake na kuwatangazia kwamba kuanzia sasa wao ni wafanyabiashara halali: kiwanda halali, kodi halali, lebo halali kwenye chupa. Hakuna kupiga mtu. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni bia. Inapikwa vilevile kama siku za magendo, na ni mbaya vilevile, isipokuwa sasa mteja ana pa kwenda.

Miaka minne baadaye maji yamemfika shingoni. Benki inataka kukamata kiwanda. Marko anaondoka na familia kwenda kwenye nyumba yake ya mapumziko Saratoga, mji wa mbio za farasi kaskazini mwa jimbo la New York, ule unaojaa watu kila msimu wa mbio. Njiani anapita kwenye kituo cha yatima alikolelewa mwenyewe na kumchukua mtoto mmoja akae naye likizo. Anamchukua mtukutu kuliko wote, kwa sababu ndiye anayemkumbusha yeye. Wakati huohuo wahalifu wengine wamewapora mabwana wa kamari waliokuwa wakielekea kwenye mbio hizo, wakajibanza ndani ya nyumba hiyohiyo ya Marko wakimvizia. Mwenzao mmoja, ambaye wao walipanga kumdhulumu, akawawahi. Marko anapofika na masanduku yake, na mke, na mtoto wa kufikia, nyumba ina wageni wanne ambao hawataomba chai.

Kama hiyo haitoshi, binti yake amepata mchumba. Kijana wa ukoo wa kitajiri, mtanashati, na kazi yake ni askari wa polisi wa jimbo. Baba yake naye anakuja kuwaona wakwe watarajiwa. Nadhani mmeshaona mwandishi alivyopanga milango yake.

Hapo niseme neno juu ya mwandishi, maana kuna jambo limenikaa kichwani miaka mingi. Kisa hiki kilianza kama tamthilia ya Damon Runyon na Howard Lindsay, iliyopanda jukwaani Broadway, mtaa wa maigizo wa New York, Septemba 1935. Haikudumu. Runyon alikuwa mwandishi wa magazeti, mtu wa mbio za farasi na ndondi, aliyekesha mikahawani na watu ambao polisi walikuwa wakiwatafuta. Mezani kwake hakuna aliyekuwa malaika. Sasa sikilizeni. Tamthilia ina maiti wanne, bosi wa bia ya magendo, na genge linalochinjana. Oktoba ya mwaka huohuo, katika mkahawa mmoja mjini Newark, Dutch Schultz, bosi wa kweli wa bia ya magendo kule Bronx, alipigwa risasi pamoja na watu wake watatu. Wanne. Wote wakafa. Mmoja wao, Otto Berman, aliyekuwa bingwa wa hesabu za kamari, alikuwa rafiki wa Runyon, na inasemekana ndiye aliyempa Runyon mfano wa mhusika wake mmoja mpenda farasi.

Fikiria wewe ndiye uliyeandika kichekesho cha maiti wanne. Sisemi Runyon alitabiri, hakuna cha utabiri hapo. Aliwajua tu watu wake. Alijua wanavyokaa mezani, wanavyoongea kwa adabu ya kupindukia, kila neno limepigwa pasi kama suruali ya harusi, huku mkono mmoja uko chini ya meza. Ndiyo maana wahusika wake hawatanii. Wanakasirika, wanaogopa, wanadai heshima yao. Kichekesho kinatokea pembeni yao, wao hawana habari.

Na hilo linanileta kwa Edward G. Robinson.

Aliyecheza Marko ni huyo. Alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1893, akiitwa Emanuel Goldenberg. Akahamia New York akiwa mtoto, akajifunza jukwaa, akawa mtu wa vitabu na mkusanyaji wa picha za wachoraji wakubwa. Mfupi, mnene kidogo, mdomo mpana kama wa chura, na nisamehewe. Mwaka 1931 alicheza Rico katika Little Caesar, na tangu hapo Marekani nzima ikaamini kwamba jambazi anafanana na yeye. Inasimuliwa kwamba hakuwa anapenda bunduki hata kidogo. Kila alipofyatua alipepesa macho, mpaka ikabidi kope zake zishikiliwe kwa utepe wa gundi ili Rico asionekane mwoga. Mpende msipende, huyo ndiye mkatili mkubwa wa sinema ya wakati ule.

Studio ilipompa Marko, angeweza kufanya kile ambacho waigizaji wengi wangefanya: kukonyeza. Kumwambia mtazamaji kwa jicho, "jamani, leo natania." Hakufanya. Alimcheza Marko kwa sura ileile ya Rico, sauti ileile ya kukwaruza, vidole vilevile vya kumnyooshea mtu kifuani. Tofauti ni kwamba Rico alikuwa akitisha watu ili wampe mji, na Marko anatisha watu ili wamsifie bia yake. Ukali haukupungua hata tone, ila sababu ya ukali ndiyo imekuwa ndogo. Hapo ndipo mbavu zinapouma. Marehemu King Majuto wa Tanga mlimwona: alipokuwa anagombana na mtu juu ya jambo la kipuuzi, alikuwa anagombana kweli. Hakuna siku aliwahi kutuomba tucheke.

Upande wa Robinson ndio upande wa majambazi. Upande wa pili, wa kuangukaanguka, ulitoka wapi? Hapa ndipo Chaplin anapita mlango wa nyuma. Mwongozaji wa filamu hii ni Lloyd Bacon. Wengi wanaomjua wanamjua kwa filamu ya nyimbo na ngoma, 42nd Street ya 1933. Lakini kabla hajaongoza chochote, mwaka 1915 na 1916, Bacon alikuwa mwigizaji katika filamu fupi za Chaplin. Alikuwamo katika The Tramp. Alikuwamo katika The Fireman. Kwa maneno mengine, huyu ni mtu aliyesoma shule ya kuanguka akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mwalimu mkuu.

Halafu kuna Edward Brophy. Huyu ni mmoja wa wapambe watatu wa Marko, yule mnene mwenye upara na macho ya mtu aliyeamshwa usiku. Wengine ni Allen Jenkins, mwenye uso mrefu wa manung'uniko, na Harold Huber. Brophy hakuanza kama mwigizaji wa maana. Mwaka 1928 alikuwa mfanyakazi wa nyuma ya kamera katika filamu ya Buster Keaton, mchekeshaji mkubwa wa filamu bubu, The Cameraman. Keaton alihitaji mtu wa kubanana naye katika kichumba cha kubadilishia nguo kwenye bwawa la kuogelea, akamvuta Brophy. Mkipata muda itafuteni sehemu hiyo. Wanaume wawili, chumba cha kutosha mmoja, kila mmoja anajaribu kuvua suruali na kuvaa nguo za kuogelea bila kukubali kwamba mwenzake yupo. Mguu wa huyu unaingia kwenye mkanda wa yule. Kichwa cha yule kinatokea kwenye kwapa la huyu. Brophy anazidi kukasirika, Keaton haoneshi chochote usoni. Hakuna anayeanguka, maana hakuna nafasi ya kuangukia. Angalieni mikono ya Brophy: inavuta, inasukuma, inarudishia nguo ya mwenzake kwa hasira kana kwamba imekuja yenyewe.

Miaka kumi baadaye mikono hiyohiyo inabeba maiti Saratoga. Kwangu mimi hilo ndilo linaloifanya A Slight Case of Murder isiwe mchanganyiko wa kubahatisha. Waliokuwa wakijua kubeba mzigo usiobebeka walikuwa pale, na aliyejua kutisha alikuwa pale, wamewekwa chumba kimoja.

Tuingie kwenye hao maiti, na hapa sina haraka.

Jambo la kwanza ni jinsi wanavyopokelewa. Mtu wa kawaida akikuta maiti nyumbani kwake atapiga mayowe. Wapambe wa Marko hawapigi mayowe. Wanachukia. Wanaudhika kama mtu aliyekuta bomba limepasuka siku ya wageni. Marko naye hana swali la "nani kafa?" wala "masikini, wana watoto?" Swali lake ni watu watasema nini, kwamba nyumba ya mfanyabiashara halali ina maiti, tena benki inakuja na mkwe anakuja. Aibu ndiyo inayomsumbua, na ni aibu ileile ya mtu yeyote mwenye nyumba.

La pili ni wanavyowatoa. Mngekuwa nyinyi waandishi mngefanya nini? Kuwazika bustanini, kuwatupa mtoni? Hao hawakufanya hivyo. Wanawasambaza. Wanaona ni nafasi nzuri ya kulipa visasi vidogovidogo, basi maiti wanapelekwa kuachwa kwenye milango ya watu ambao genge haliwapendi. Mimi huwa nacheka kabla hata hawajaondoka, kwa sababu ya ule utulivu wa majadiliano yao, kama kamati ya harusi inayogawa kadi. Nani apelekewe? Fulani alituudhi. Haya, mpelekeeni fulani.

La tatu ndilo la kifundi. Wakisharudi, wamechoka, wameridhika, wanapata habari kwamba kila mmoja wa wale ana zawadi ya dola 10,000, awe hai au amekufa. Hesabuni: dola 40,000, kwa mtu ambaye benki inamngoja mlangoni. Kwa hiyo lazima wakawarudishe. Safari ileile, kwa kinyume, wakiwa na haraka maradufu, na sasa walichokitupa kama uchafu wanakikumbatia kama dhahabu. Wanarudishwa, wanafungiwa kabatini, huku chini nyumba imejaa wageni wa sherehe.

Waandishi, tazameni uchumi wa jambo hilo. Hakuna mhusika mpya, hakuna mahali papya, hakuna hata mzaha mpya. Kilichobadilika ni thamani ya mzigo. Keaton angefurahi: kitu kilekile, mkono uleule, maana nyingine. Na hakuna damu. Tangu 1934 kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zikisimamiwa kwa ukali na ofisi ya Joseph Breen, na kuonesha mauaji kinagaubaga kulikuwa na vikwazo vingi. Wengi huhesabu kanuni hizo kuwa balaa, na kwa filamu nyingi zilikuwa balaa kweli. Hapa zilisaidia. Maiti wasio na damu wanakuwa samani. Ungeonesha jeraha moja tu, kicheko kingekufa. Leo mna uhuru wa kumwaga nyanya nyekundu ndoo nzima, na baadhi yenu mnaimwaga kweli. Nimeona.

Bia sasa, maana bila bia maiti wangebaki kuwa utani wa robo saa.

Marko hanywi. Ndiyo, mwenye kiwanda cha bia hanywi bia. Miaka yote hajawahi kuionja anayoiuza. Na waliomzunguka wote wanajua ladha yake, kuanzia wapambe mpaka waliomkopesha fedha, na hakuna anayethubutu kumwambia. Kwa nini? Kwa sababu enzi zile, mtu aliyesema bia ya Marko ni mbaya alikuwa anapata matatizo ya afya. Enzi zimepita, bosi ameokoka, lakini hofu haikupata taarifa. Wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa zenyewe ni za kwake. Siku anapofikishiwa glasi yake mwenyewe mdomoni, mtazame Robinson usoni. Ameona maiti wanne bila kupepesa. Bia inamshinda.

Mimi nasema huyo ndiye maiti wa tano, na ndiye pekee aliyekuwa ndani ya nyumba tangu mwanzo: ukweli ambao kila mtu anauruka akipita. Wapambe wanajua kuficha mwili wa mtu kwa sababu wamekuwa wakificha ladha ya bia miaka minne. Ni kazi ileile, mazoezi yaleyale ya uso.

Ruth Donnelly, anayecheza mke wa Marko, Nora, ningeweza kumzungumzia usiku kucha. Mbele ya wageni anaongea kwa madoido, maneno yanatoka yamevaa glavu. Akiudhiwa tu, mtaa unamrudi mdomoni wote kwa mpigo, halafu anameza mate na kurudi kwenye glavu. Hakuna kuanguka kwa mwili pale, ila sauti inaanguka na kuinuka mbele ya macho yetu. Bobby Jordan ndiye yule yatima, na jina la mtoto huyo ndani ya filamu ni Douglas Fairbanks Rosenbloom, nawaachia mcheke wenyewe. Msimamizi wa kituo cha yatima ni Margaret Hamilton, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mchawi wa kijani katika The Wizard of Oz. Mtu unayemwona dakika chache tu, na bado unakaa sawa kwenye kiti.

Mwaka 1952 Warner Bros. waliirudia kwa rangi, wakaiita Stop, You're Killing Me, Broderick Crawford akiwa Marko. Wakaongeza na nyimbo. Crawford alikuwa mwigizaji mzito, mwenye tuzo ya Oscar, lakini anacheza akijua ni kichekesho, na sina zaidi la kusema juu ya hiyo.

Swali ambalo huwa naulizwa ni kama si ukatili kucheka maiti. Nadhani linafaa kuulizwa, hasa na sisi ambao msiba kwetu ni jambo la mtaa mzima. Jibu langu ni kwamba filamu haimcheki marehemu hata mara moja. Hakuna anayemsema sura yake wala kifo chake. Wanaochekwa ni walio hai, wanavyohangaika kuonekana watu wa heshima. Pale mwisho, Marko anapopanga mambo ili yule kijana askari awafyatulie risasi kabatini watu waliokwisha kufa na aonekane shujaa, anayechekwa ni nani? Ni kijana, ni polisi, ni magazeti yatakayomsifu, ni mkwe mwenye fahari. Walio kabatini hawahusiki. Wameshatimiza wajibu wao. Muuaji naye, kwa masharti ya ofisi ya Breen, hawezi kuponyoka, na haponyoki.

Mwenyekiti ananionesha saa. Basi nimalizie kwa kazi. Kijana wetu wa mitambo ameandaa kipande cha dakika chache, kuanzia pale genge linapojua kwamba nyumba ina wageni. Naomba wanaoandika wahesabu ni mara ngapi mhusika anasema jambo la kuchekesha akijua linachekesha. Wanaoigiza wasiwaangalie maiti kabisa. Mwangalieni Robinson anapopokea habari, halafu mwangalieni Brophy anapotafuta pa kushika. Tukimaliza tutairudia mara ya pili bila sauti, ndipo tutaongea.

Haya kijana, weka.